Nzumari Mguuni, Ngoma Sikioni: Wasomaji Wauliza Kuhusu Kilatini cha Madaktari

Barua za mwezi huu zimetufikia nyingi, na zilizo nyingi kati yake zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: hayo majina ya Kilatini yaliyojaa katika vitabu vya afya na sayansi yametoka wapi, na yanatuhusu nini sisi wa pwani? Tumechagua tano tuzijibu.

Swali. Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, nakaa Tudor. Tumepewa orodha ndefu ya majina ya mifupa na misuli. Nayakariri usiku, asubuhi yameshapotea. Kwa nini majina haya yawe ya Kilatini, lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote sokoni, na je, ipo njia ya kuyaelewa badala ya kuyameza?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Sababu ya kwanza umeitaja mwenyewe bila kukusudia: Kilatini kinafaa kwa kazi hiyo kwa kuwa hakizungumzwi sokoni. Neno la lugha iliyo hai haliachi kutembea. Leo lina maana hii, kesho vijana wamelipa nyingine, na mji wa pili unalitumia kwa jambo la tatu. Neno la Kilatini limekaa pale lilipowekwa, na hakuna taifa linaloweza kudai kuwa ni lake na kuligeuza litakavyo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Andreas Vesalius alipochapisha kitabu chake kikubwa cha muundo wa mwili wa binadamu mjini Basel mwaka wa 1543, alikiandika kwa Kilatini kwa sababu wasomi wote wa Ulaya wakati huo walisoma kwa lugha hiyo. Baadaye walimu wa kila nchi, na wakati mwingine wa kila chuo, walianza kuvipa viungo majina yao wenyewe, hata ikakisiwa kwamba kufikia mwisho wa karne ya 19 yalikuwapo majina kama 50,000 kwa viungo ambavyo idadi yake haikukaribia hata kidogo hesabu hiyo. Mwaka wa 1895 wataalamu walikutana Basel wakaipunguza orodha hadi majina karibu 5,000, yote ya Kilatini, na kila kiungo kikapewa jina moja. Orodha hiyo ilirekebishwa mjini Paris mwaka wa 1955, ikatolewa upya mwaka wa 1998, na toleo la karibuni zaidi ni la mwaka wa 2019. Kwa hiyo orodha uliyopewa ni mapatano, na walioyafanya walikuwa wamechoshwa na vurugu kuliko unavyochoshwa wewe na kukariri.

Sasa njia ya kuyaelewa. Waliovipa viungo majina hawakuwa wakitafuta maneno ya fahari. Walikitazama kiungo, wakauliza kinafanana na kitu gani nyumbani, basi wakakipa jina la kitu hicho. Mfupa wa muundi unaitwa *tibia*, na kwa Warumi neno hilo lilikuwa pia jina la filimbi, kwa kuwa filimbi zao ziliweza kutengenezwa kwa mifupa ya miguu ya wanyama. Umewahi kusikia nzumari ikipigwa arusini. Basi jua kwamba unayo moja katika kila mguu. Pembeni mwa muundi upo mfupa mwembamba uitwao *fibula*, yaani bizimu, ile pini ya kubania nguo, na ukiitazama mifupa hiyo miwili ikiwa pamoja utaiona pini na kishikizo chake. Mtulinga ni *clavicula*, ufunguo mdogo. Nyonga nzima ni *pelvis*, beseni, na lile shimo la nyonga linalopokea kichwa cha mfupa wa paja ni *acetabulum*, kibakuli cha siki kilichowekwa mezani wakati wa kula. Anayejua achari hatalisahau hilo.

Goti linanipendeza zaidi. Warumi walipolitazama waliona kisahani, wakaita *patella*. Wazee wetu walipolitazama waliona mchezo wa watoto, wakaita pia ya goti. Nionavyo mimi, wetu walitazama vizuri zaidi, maana kile kimfupa ukikishika mguu ukiwa umenyooshwa huteleza na kuzunguka kidogo, jambo lisilofanywa na kisahani. Lakini katika sikio wote waliona kitu kimoja: Kilatini kinasema *tympanum*, ngoma, nasi tunasema kiwambo cha sikio, kutokana na kule kuwamba ngozi juu ya ngoma. Nyuma ya kiwambo hicho vipo vifupa vitatu vyenye majina ya karakana ya mhunzi na zizi la farasi: *malleus*, nyundo, *incus*, fuawe, na *stapes*, kikuku cha kukanyagia mpanda farasi. Jina hili la tatu si la Warumi wenyewe, kwa kuwa Warumi walipanda farasi bila vikuku. Ni Kilatini kilichoundwa baadaye na watu waliohitaji neno.

Msuli wenyewe, *musculus*, maana yake ni panya mdogo. Kunja mkono wako, tazama kinachotembea chini ya ngozi, utaelewa. Upo pia msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaotoka kwenye nyonga ukakatiza paja kwa mshazari hadi upande wa ndani wa goti, nao unaitwa *sartorius*, wa mshonaji, kwa kuwa ndio unaosaidia kuukunja mguu mtu akae kitako miguu ikiwa imepishana. Pita kwa mafundi wa nguo wa Mji wa Kale. Wa siku hizi wanakaa kwenye viti mbele ya cherehani, lakini mzee yeyote wa huko atakuonyesha jinsi babu zao walivyokaa juu ya jamvi. Na moyo una *atrium* mbili na *ventriculus* mbili. *Atrium* ni ukumbi wa nyumba ya Kirumi, pale mgeni anapofikia kabla ya kuingia ndani, na damu nayo hufikia hapo kwanza. *Ventriculus* ni kitumbo. Ukiujua mpangilio wa nyumba, umeshaujua mzunguko wa damu nusu yake.

Limebaki jambo ambalo nadhani mwalimu wako hakukuambia, nalo ndilo litakalokuokoa: sarufi ya majina haya mtoto wa Kiswahili anaijua tayari. Wenzetu wanaotoka katika lugha zisizo na ngeli hushangaa kwa nini neno moja la sifa linaandikwa *magnus* hapa, *magna* pale na *magnum* kwingine. Wewe hushangai kusikia mti mkubwa, kiti kikubwa na tundu kubwa. Ni jambo lile lile. Kilatini kina aina tatu za majina, na sifa hufuata jina lake: msuli mmoja wa paja ni *adductor magnus*, lile tundu kubwa chini ya fuvu ni *foramen magnum*, na mshipa mkubwa wa moyo ni *vena cordis magna*. Uitazame vizuri hiyo ya mwisho. *Cor* ni moyo, *cordis* ni "wa moyo", na *magna* inakubaliana na mshipa, haikubaliani na moyo, kama vile wewe unavyosema "mshipa mkubwa wa moyo" na mtu akajua kilicho kikubwa ni mshipa. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno na wao wanabadilisha mwisho: sisi msuli na misuli, wao *musculus* na *musculi*, *vena* moja, *venae* nyingi, *foramen* moja, *foramina* nyingi. Ukiandika *foramen magna* katika mtihani, umeandika "tundu mkubwa", na sikio lako mwenyewe lingepaswa kukataa.

Uniruhusu niongeze kwamba Kilatini hakiko peke yake. Mabingwa wa kwanza wa tiba, Hippocrates na Galen, waliandika Kigiriki, kwa hiyo kwa kawaida kiungo kina jina la Kilatini na ugonjwa wake una jina la Kigiriki. Figo ni *ren*, lakini tawi la tiba linaloshughulikia figo hutumia *nephros*. Pafu ni *pulmo*, ila ugonjwa tunaouita nimonia umetoka katika *pneumon*. Jifunze kila kiungo kwa majina yake mawili kwa pamoja, kama mtu anavyojulikana kwa jina la chuoni na jina la nyumbani.

Swali. Assalamu alaikum. Mimi ni maalim wa madrasa, Kibokoni. Nimesikia katika darsa moja kwamba baadhi ya maneno haya yanayoitwa ya Kilatini asili yake ni Kiarabu. Je, ni kweli, au ni maneno ya kujifariji?

Jibu. Wa alaikum salaam, Maalim. Ni kweli, na ushahidi wake hauhitaji kujifariji. Ubongo umefunikwa na utando mgumu unaoitwa *dura mater*, na chini yake kuna utando mwembamba unaoitwa *pia mater*. *Mater* ni mama. Kwa nini ngozi ya ubongo iitwe mama? Hakuna jibu ndani ya Kilatini. Jibu limo katika Kiarabu, ambamo neno "umm" hutumika si kwa mzazi tu, bali pia kwa kitu kinachozunguka au kukibeba kitu kingine, na matabibu walisema "umm al-dimagh", mama wa ubongo. Mwaka wa 1127 Stephen wa Antiokia alitafsiri kwa Kilatini kitabu cha Ali ibn al-Abbas al-Majusi, tabibu wa karne ya 10, naye alitafsiri neno kwa neno, akaleta mama mgumu na mama mwororo. Hata hapo aliteleza kidogo: Kiarabu kilisema "raqiqa", yaani nyembamba na laini, naye akaandika *pia*, ambayo kwa Kilatini ni mcha Mungu. Utando huo umekuwa mchamungu tangu siku hiyo. (Msomaji wa Tudor asichanganye: hii *pia* haina undugu wowote na pia ya goti.)

Lipo neno jingine lililosafiri vibaya zaidi. Kiarabu kinauita uti ulio ndani ya mgongo "nukha'". Wafasiri walilichukua neno hilo wakaandika *nucha*, na kwa muda lilikuwa na maana yake ile ile. Kisha likachanganywa na neno lingine la Kiarabu, "nuqra", lile bonde lililo nyuma ya shingo, na mwishowe *nucha* ikahama kutoka mgongoni ikapanda hadi kwenye ukosi. Hadi leo kano ya nyuma ya shingo inaitwa *ligamentum nuchae*, jina la Kiarabu likiwa limevaa mwisho wa Kilatini na kukaa mahali pasipokuwa pake.

Pengine maneno yalitoka Kigiriki, yakapitia Baghdad, yakafika Ulaya. Ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, Wagiriki waliufananisha na wavu wa mvuvi, Waarabu wakauita "shabakiyya", kutokana na shabaka, wavu, na wafasiri wa Kilatini wakatafuta neno lao la wavu, *rete*, wakaunda *retina*. Kazi kubwa ya tafsiri hizi katika karne ya 12 ilifanyika Toledo, ambako Gerard wa Cremona alitafsiri pia Qanun ya Ibn Sina, na kwa karne nyingi vyuo vya Ulaya vilifundisha tiba kutoka katika kitabu hicho.

Na huyo Ibn Sina, Maalim, yupo karibu nawe kuliko unavyodhani. Walatini walimwita Avicenna. Linnaeus, yule Mswidi aliyeupa ulimwengu utaratibu wa kuita kila mmea na kila mnyama kwa majina mawili, alichukua jina hilo akaupa ukoo mmoja wa miti. Nenda ukingo wa hori la Tudor maji yakiwa yametoka, utazame ule mti wa mikokoni unaochomoza mizizi kama kalamu juu ya tope. Sisi tunauita mchu. Jina lake la kisayansi ni *Avicennia marina*, yaani wa Ibn Sina, wa baharini.

Swali. Mimi ni mama wa watoto watatu, Likoni. Nilipewa dawa ya mtoto, na karatasi ya daktari iliandikwa "tds pc" na nyingine "prn". Muuzaji wa duka la dawa hakunieleza chochote, alinikabidhi tu, nami nikampa mtoto zote mbili kwa kubahatisha. Maandishi hayo ni ya lugha gani?

Jibu. Pole, dada, na tunashukuru mtoto hakudhurika. Ni Kilatini kilichofupishwa, desturi tuliyorithi kutoka kwa Waingereza. "T.d.s." ni *ter die sumendum*, ya kutumiwa mara tatu kwa siku, "b.d." ni *bis die*, mara mbili. "P.c." ni *post cibum*, baada ya chakula, na "a.c." ni *ante cibum*, kabla ya chakula. "P.r.n." ni *pro re nata*, maana yake jambo litokeapo: dawa hiyo haitolewi kwa saa, hutolewa inapohitajika tu, kwa mfano homa ikipanda, na hata hivyo ina kiwango kisichopaswa kuvukwa kwa siku. "Stat" ni *statim*, papo hapo. "Nocte" ni usiku. Na ile alama ya R yenye mkia uliokatwa, inayotangulia juu ya karatasi, ni *recipe*, "chukua", amri anayopewa mtayarishaji wa dawa, wala si wewe.

Hapa sifa nilizokimwagia Kilatini kule juu zina mpaka. Lugha isiyobadilika inawafaa wataalamu wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe. Karatasi inayokwenda nyumbani kwa mzazi ni jambo jingine. Tena vifupisho hivi si salama hata kwa wataalamu. "O.d." kwa desturi ya Kiingereza ni mara moja kwa siku, lakini kwa daktari wa macho ni *oculus dexter*, jicho la kulia, na herufi mbili zilizoandikwa kwa haraka haziwezi kukuambia ipi ndiyo iliyokusudiwa. Una haki ya kumwambia muuzaji akuandikie juu ya kopo, kwa Kiswahili: ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya chakula, na kwa siku ngapi. Usiondoke dirishani kabla hajaandika.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Changamwe. Kwa nini alama ya sodiamu ni Na na si S au So?

Jibu. Kwa sababu jina lake la Kilatini ni *natrium*. Mwaka wa 1813 Mswidi Jöns Jacob Berzelius alipendekeza kwamba kila elementi iwakilishwe na herufi za jina lake la Kilatini, ndiyo maana chuma ni Fe kwa *ferrum*, dhahabu ni Au kwa *aurum*, fedha ni Ag kwa *argentum*, na potasiamu ni K kwa *kalium*, neno lililotoka katika Kiarabu "qaly", majivu ya mimea. Zebaki ni Hg kwa *hydrargyrum*, maji ya fedha, ambalo asili yake ni Kigiriki. Ama *natrium*, limetokana na natron, ile chumvi ya magadi iliyotumiwa na Wamisri wa kale kukausha maiti. Kwenye ramani yako tafuta mpaka wa Kenya na Tanzania, utaliona Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wetu. Maziwa hayo mawili, mtu anaweza kusema, yamepewa jina la kitu kimoja kwa lugha mbili.

Swali. Mimi ni mwalimu wa sayansi, Kisauni. Vitabu vinavyoandikwa kwa Kiswahili vinatuletea ateri, vena na neva. Je, hatuna maneno yetu? Au tumeona Kilatini kinatosha kukitia irabu mwishoni tu?

Jibu. Swali lako, Mwalimu, linastahili majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ninayaamini.

Katika hilo la mishipa, wenye kukopa wana haki. Neno letu mshipa ni kubwa mno. Linabeba njia ya damu itokayo moyoni na njia ya damu irudiyo, linabeba uzi wa hisia, linabeba kano, na hapa Mombasa mtu akisema "fulani ana mshipa" huenda anazungumzia henia bila kutaka kuitaja. Mgonjwa akimwambia daktari "mshipa umenikaza", daktari ana mambo manne au matano ya kuyachunguza. Darasani hali hiyo haivumiliki, na ateri, vena na neva zinaondoa utata kwa mara moja. Hata ateri, kwa kweli, ni kosa la kale lililohifadhiwa: Wagiriki waliamini kwamba njia hizo zimebeba hewa, kwa kuwa katika maiti walizikuta tupu, na Galen ndiye aliyeonyesha katika karne ya 2 kwamba mna damu ndani yake. Jina halikubadilishwa. Lilikuwa limeshazoeleka, na mazoea katika majina yana nguvu kuliko usahihi.

Lakini mahali pengine tunakopa kwa uvivu. Tunalalamika kwamba Kiswahili kinasema mkono kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu kuanzia nyongani hadi wayo, hali Kilatini kina *brachium*, *antebrachium* na *manus*. Kigasha ni nini, kama si *antebrachium*, ile sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja? Muundi, paja, wayo, kitanga, mtulinga, kongosho, wengu: haya yote yapo, tena yanajulikana na wazee wetu wasiowahi kuingia maabara. Kile kinyama kinachoning'inia kooni Kilatini kinakiita *uvula*, kizabibu, kwa umbo lake. Sisi tuna kidakatonge, na jina letu limekwenda mbali zaidi kwa kuwa limetaja kazi: pale tonge linapodakwa lisipotee njia. Sioni sababu ya kumfundisha mtoto wa Kisauni neno "uvula" kabla hajajua kidakatonge.

Ningekuwa na darasa lako, ningeandika ubaoni jina la Kiswahili kwanza, la Kilatini chini yake, na maana ya hilo la Kilatini pembeni, kisha ningewaachia wanafunzi wabishane ni nani aliyekitazama kiungo vizuri zaidi. Kwa ateri, vena na neva ningewaambia wazi kwamba tumekopa, na nini kilichotulazimisha kukopa. Kwa kigasha ningewatuma nyumbani wakamuulize bibi.